Ndoo Hupimwa Kwanza

Kwa miaka kumi na moja Fatouma alikuwa akiosha vyombo vya watu wenye vyeti, na jambo kubwa alilojifunza ni kwamba cheti hakioshi chombo. Wanaume wa makoti meupe waliacha uchafu sawasawa na wanaume wa kaptura. Tofauti ni kwamba wa makoti waliupa uchafu wao jina la Kilatini.

Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akaolewa Buyenzi, akaachwa Buyenzi. Mumewe, Massoudi, alivuka mpaka wa Gatumba asubuhi moja kwenda Uvira kununua mawese, akasema atarudi Ijumaa. Hakusema Ijumaa ya mwaka gani. Waliokwenda Uvira walirudi na habari kwamba Massoudi yupo, mzima, amenenepa, ana mke mwingine na meza ya kuuzia simu. Mawese hayajafika mpaka leo. Fatouma hakulia mbele ya mtu. Alichukua ndoo, akaanza kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, akamlea binti yake Aya kwa harufu ile ile ya samaki hadi akamwoza.

Shuleni hakukanyaga. Baba yake alisema msichana akijua kuandika atawaandikia wavulana barua. Kwa hiyo herufi zilimpita mbali. Tarakimu hazikumpita, maana sokoni asiyezijua hulala njaa. Soko kuu la mjini lilipoungua, meza yake ikaungua nalo, na hapo ndipo alipopata kazi ya kuosha vyombo katika maabara moja ya watu binafsi, iliyopima maji ya visima, maziwa na juisi, kuona kama yana bakteria.

Mkubwa wa kazi alikuwa Dokta Loïc, kijana wa Kinanira, mtaa wa wenye nazo, mwenye viatu vya ncha na miwani ya kupandisha kwa kidole kila anapotaka kusema jambo. Alisoma Ulaya miaka minne na akarudi na Ulaya yote mdomoni. Ingawa Fatouma alimzidi umri kama mama yake, yeye alimwita "Fatouma" kavukavu, au "we". Msaidizi wake, Lisette, binti wa Musaga, alikuwa na adabu zaidi. Yeye alisema "Mama Aya".

Kitu kilichopendwa kuliko watu katika maabara ile kilikuwa mashine moja ya kijivu, ukubwa wa kikapu cha mikate, waliyoiita spektro. Ilikuwa na kitambaa chake cha kuifunika, na Fatouma alikatazwa kuigusa. Siku moja alimuuliza Lisette inafanya nini hasa.

"Sikia, Mama Aya. Bakteria moja haionekani. Lakini tukiipanda ndani ya supu, inazaa, ile inazaa, mpaka supu inafanya ukungu. Sasa tunachukua supu kidogo, tunaitia ndani ya hii chupa ndogo ya pembe nne. Mashine inatupa mwanga upande huu. Upande ule kuko jicho. Mwanga ikipita yote, namba inabaki chini. Bakteria wakiwa wengi, mwanga inapotelea njiani, namba inapanda."

"Kumbe inahesabu bakteria."

"Apana. Inahesabu mwanga yenye haikufika."

Fatouma alielewa papo hapo. Yeye mwenyewe alimjua Massoudi kwa vitu ambavyo havikufika.

Kulikuwa na jambo jingine alilolitazama akiwa anapangusa meza. Kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, Lisette alichukua kichupa chenye kifuniko cha buluu, akakitia kwenye mashine, akabonyeza kitufe, na mashine ikaandika sifuri. Vichupa hivyo vilitoka Ulaya ndani ya boksi moja na unga wa kupikia supu ya bakteria. Mzungu aliyekuja kufunga mashine alifanya hivyo, na wao wakaendelea kufanya hivyo, kama watu wanaoitikia dua ya lugha wasiyoijua. Kifuniko cha buluu, kitufe, sifuri, amina. Fatouma aliona tu kwamba kilichokuwa ndani ya kichupa kile kilikuwa na rangi ya supu.

Kisha unga wa Ulaya ukaisha. Pesa za kigeni hazikupatikana, maboksi yakakwama bandarini, na Dokta Loïc akazunguka maabara siku tatu ameshika kichwa. Alikuwa na mradi mkubwa: visima vya Gatumba vilivyozamishwa na mafuriko. Alitakiwa kuonyesha bakteria wa visima hivyo wanakua kwa kasi gani na dawa gani inawatuliza, na wageni waliotoa fedha walikuwa njiani.

"Docteur," Fatouma alimwambia huku mikono iko ndani ya povu, "hawa wadudu wako banakulaka nini?"

"Protéines. Nyama ya kuchemsha, kitu kama hicho. Hauwezi kuelewa."

"Basi uwachemshie ndagala."

Dokta alicheka hadi miwani ikateremka. Akamwita Lisette aje kusikia, wakacheka wote wawili, Lisette kwa sababu mkubwa amecheka. Wiki iliyofuata Dokta aliingia asubuhi na wazo. Alikuwa ameamka nalo, alisema. Bakteria wanaweza kulishwa samaki wa hapa hapa! Akaandika ubaoni jina la supu hiyo mpya, Milieu L. Fatouma alimuuliza Lisette hiyo L ni ya nini.

"Ya Loïc," Lisette alisema, akiangalia viatu vyake.

Aliyewaza akasahauliwa, lakini wa kupika hakusahauliwa. Fatouma ndiye aliyenunua ndagala wakavu, akawachagua, akawachemsha, akachuja supu kwa kitambaa mara nne, kisha kwa karatasi ya kuchujia, akatia chumvi, akaitia kwenye chupa na kuipika tena ndani ya sufuria kubwa ya mvuke mpaka kusibaki kiumbe hai. Bakteria waliipenda. Walikula kama wageni wa harusi wasioalikwa. Hata hivyo, kwa uchujaji wote ule, supu haikuwa maji. Ilibaki na ukungu kidogo, kama maji ya mchele ya mkono wa pili. Na haikufanana sufuria hadi sufuria. Ndagala wadogo walitoa supu nyepesi, wakubwa walitoa nzito, na siku Dokta aliposimama mlangoni akisema "fanya haraka", ilichujwa mara tatu tu.

Unga ulipoisha, vichupa vya kifuniko cha buluu viliisha pia.

"Docteur, tutaanza na nini asubuhi?" Lisette aliuliza.

"Weka maji tu. Kuna kitu safi kuliko maji?"

Basi wakaweka maji.

Miezi miwili Dokta Loïc alitembea kama bwana harusi. Bakteria wa Gatumba, alisema, ni wa ajabu. Unawapanda saa mbili asubuhi, na saa mbili na dakika moja mashine inaonyesha wameshakuwa umati! Alichora mistari yake kwenye karatasi, yote ikianzia juu hewani kama ndege asiye na miguu, akaibandika ukutani. Aliandaa hotuba. Alinunua tai.

Halafu Lisette, ambaye kosa lake pekee lilikuwa uaminifu, akapima chupa ya supu ambayo haikupandwa kitu. Mashine ikaandika sifuri nukta arobaini na moja. Supu isiyo na bakteria, na mashine inasema wamo tele.

Mahali kosa lilipoonekana, mwenyewe lazima atafutwe. Na katika nyumba yenye mkurugenzi, daktari na muosha vyombo, kosa halihitaji kuonyeshwa njia. Linakwenda lenyewe kwenye sinki.

Dokta Loïc alikuja jikoni na karatasi. Akaisoma kwa Kifaransa, yote, kwa sauti ya redio. Fatouma alingoja imalizike.

"Inasema nini?"

"Inasema we Fatouma hauoshi vizuri. Bakteria wanabaki ndani ya chupa, supu inaharibika mbele hatujapanda. Umeua kazi ya miezi miwili. Alhamisi utaona Madame Amélie. Kama hauna maelezo, tunaachana."

"Miaka kumi na moja nimeosha. Bakteria hao wamenijulia wapi leo?"

"Hiyo utamwambia Madame."

Alipotoka, Fatouma alibaki ameshika brashi. Kufukuzwa alikuwa ameshafukuzwa na mambo mengi: na mume, na moto, na sheria za soko. Lakini mikono yake haikuwahi kuitwa michafu. Wengine walikuwa na vyeti ukutani. Yeye cheti chake kilikuwa hiyo mikono. Mwanamke wa Buyenzi akitoka kazini na sifa ya uchafu, hata kufua nguo za majirani hatapewa. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano alimshika Lisette mkono.

"Mwanangu, ile chupa yenye haijapandwa kitu, itie ndani ya kabati la joto. Uipime asubuhi, saa sita na jioni. Namba uniambie."

"Docteur akiniona?"

"Docteur ananunua soksi za kwenda na tai. Pima."

Asubuhi ikawa arobaini na moja. Saa sita, arobaini na moja. Jioni Lisette alikuja jikoni mwenyewe, akinong'ona: arobaini na moja.

Fatouma akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Hao bakteria ni wa kabila gani, Lisette? Wamepewa supu, wamepewa joto, wamekaa kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyezaa? Hata panya wa Buyenzi, ukimpa nusu ya hiyo, jioni ana wajukuu."

Lisette alifungua mdomo, akausahau wazi.

"Sasa niambie. Kile kichupa cha buluu, ndani kulikuwa nini?"

"Bouillon, nafikiri. Supu yenye haina kitu."

"Eee. Ndoo tupu," Fatouma alisema. Akainuka kuendelea na vyombo, maana vyombo havingojei mtu afurahi.

Alhamisi Madame Amélie, mkurugenzi, alifika maabara na muhuri wake kwenye mkoba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache ambaye alipenda mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Barua ilikuwa mezani. Dokta Loïc alipandisha miwani kwa kidole na kueleza, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili muosha vyombo asije akasema hakusikia hukumu yake.

"Mama, una neno?" Madame Amélie aliuliza.

"Niko na swali, Madame. Ukienda sokoni kununua ndagala, muuzaji akikupimia na ndoo yake, ndagala na ndoo pamoja, utakubali?"

"Siwezi! Anapima ndoo kwanza, tupu."

"Na kama anaweka ndoo ya chuma juu ya mizani anasema, ona, samaki wamefika kilo moja, na samaki hata mmoja hajaingia?"

"Nitamwita mwizi."

"Apana, Madame, tusitukane. Huyu wetu ni docteur."

Lisette alikohoa ndani ya kiganja. Dokta Loïc alisema hapa ni maabara, siyo soko, na kwamba hana muda wa hadithi za ndoo.

"Muda hautakuwa mrefu," Fatouma alisema. "Lisette, lete lile boksi la vichupa vitupu vya pembe nne, lenye halijafunguliwa. Docteur mwenyewe afungue. Mi sitagusa, mikono yangu ni michafu. Supu itolewe kwenye sufuria ya mvuke sasa hivi, ingali na moto."

Madame Amélie aliitazama saa yake, kisha akatikisa kichwa kukubali. Dokta alichana plastiki ya boksi jipya kwa mikono yake ya Ulaya. Alichukua kichupa ambacho Fatouma hakuwahi kukiosha wala kukiota. Akangoja supu ipoe, akaitia ndani yake, akakiweka kwenye mashine. Mashine ilikuwa imeshapewa maji na kuandika sifuri.

Arobaini na moja.

"Labda kiwandani walikosea kusafisha," Dokta alisema.

"Wa Ulaya?" Fatouma alishangaa. "Nao wafukuzwe!"

"Endelea, mama," Madame Amélie alisema, na sasa hakuwa akitazama saa.

"Hiyo supu ina ukungu wake, Madame. Ni samaki, siyo bakteria. Mashine haijui samaki wala bakteria, inajua tu mwanga haikufika. Kile kichupa cha buluu kilikuwa cha kuionyesha ndoo tupu. Docteur akaionyesha maji. Sasa Lisette, chukua supu hii hii, yenye haina kitu. Fanya nayo kama ulivyokuwa unafanya na ya buluu."

Lisette aliingiza supu, akabonyeza kitufe. Sifuri. Akaitoa, akaitia supu nyingine ya sufuria ile ile. Sifuri. Akatia supu iliyopandwa bakteria jana, yenye ukungu wa kweli, na namba ikapanda bila aibu. Ukutani ile mistari ya ajabu ilining'inia bila miguu, na sasa kila mtu aliiona haina miguu.

Dokta Loïc aliketi. Si kwamba aliomba radhi. Watu wa aina yake huketi kwanza, ili wakati wa kuomba radhi upite.

"Basi nitatoa arobaini na moja kwenye kila namba," alisema.

"Arobaini na moja ni sufuria ya wiki hii," Fatouma alisema. "Sufuria zimekuwa tisa. Kuna ya ndagala wakubwa, kuna ya wadogo. Kuna ile ulisema fanya haraka. Kila ndoo na uzito wake."

Hapo ndipo Dokta alipogeuka rangi ya supu yake. Bila kujua ukungu wa kila sufuria, miezi miwili ilikuwa imekwenda na maji. Na wageni walikuwa wafike Jumatatu. Madame Amélie alimuuliza kama aliweka supu tupu ya kila sufuria, na yeye akasema kitaalamu haikuonekana kuwa ni lazima.

Fatouma alifuta mikono kwenye kitenge.

"Ziko," alisema.

Sokoni kwao, mwanamke akifungua gunia la ndagala, huweka kwanza ngumi moja pembeni, na haiuzi hadi gunia liishe. Mteja akirudi kesho na matusi kwamba aliuziwa mchanga, anaonyeshwa ile ngumi. Ngumi hiyo imewanyamazisha wateja wengi. Fatouma alipoanza kupika supu aliendelea na desturi yake, bila kumuuliza mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimuuliza yeye. Chini ya sinki, nyuma ya ndoo ya sabuni, zilikuwapo chupa tisa, zimepikwa kwa mvuke na kufungwa, haijafunguliwa hata moja. Kwa vile hajui kuandika, kila chupa aliifunga shingoni kipande cha kitenge. Chenye kuku kilikuwa sufuria ya kwanza. Cha maua mekundu kilikuwa sufuria ya pili. Cheusi kilikuwa ile ya haraka.

Dokta Loïc alinyanyuka na kwenda kwenye sinki mbio, viatu vya ncha vikiteleza juu ya sakafu yenye maji.

"Ngoja, Docteur," Fatouma alisema. "Barua kwanza."

"Barua gani?"

"Ile. Jumanne uliisoma kwa Kifaransa, mi sikusikia vizuri. Leo isome kwa Kiswahili, polepole. Kila neno ukilimaliza, utasema kama ni kweli ao ni uongo. Halafu Madame aandike yake, apige muhuri. Chupa hazina haraka. Zimengoja miezi miwili na hazijazaa."

Dokta alimtazama Madame Amélie. Madame Amélie alikuwa anatafuta muhuri ndani ya mkoba.

Basi akasoma. Alisoma kwamba muosha vyombo anaacha uchafu.

"Kweli ao uongo?" Fatouma aliuliza.

"Si sahihi," Dokta alisema.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Uongo."

Alisoma kwamba muosha vyombo ameharibu kazi ya mradi. Uongo. Kwamba alionywa mara nyingi. Hapo Lisette alisema mwenyewe, bila kuulizwa, "Hata mara moja." Walipofika mwisho Dokta alikuwa na jasho juu ya mdomo, na barua ilikuwa imelowa pale alipoishika. Madame Amélie akaandika nyingine, mistari minne, akapiga muhuri kwa nguvu kana kwamba anaua kitu. Fatouma akaipokea, akaitazama kwa makini upande wa juu na wa chini kama msomaji, akaikunja na kuitia kifuani.

Kisha akapiga magoti, akatoa chupa moja moja, akitaja kila kitenge na siku yake, na Lisette akiandika. Hakukosea hata siku moja. Walipima hadi jioni, wakapunguza ndoo kutoka kwenye kila namba, na ile mistari ikashuka yote, ikakanyaga chini kama mistari ya watu. Wale bakteria wa ajabu wa Gatumba, waliozaliana kabla ya kupandwa, wakageuka bakteria wa kawaida, wanaokua kwa mwendo wa bakteria, wachafu kama wenzao. Dokta aliondoka na tai yake mfukoni.

Jumatatu aliwaambia wageni kwamba "timu iligundua marekebisho madogo ya njia". Wageni walipiga makofi. Supu ingali inaitwa Milieu L. Fatouma aliambiwa hayo na Lisette, akasema hakutegemea nguruwe aimbe. Aya alipokuja kumsalimia mama yake, alimsomea barua ile ya muhuri mara tatu, na sasa imo ndani ya ndoo ya zamani ya ndagala, juu ya kabati, mahali ambapo moto na mume havifiki.

Lakini kila asubuhi kuna kazi ambayo haiwezi kuanza bila supu tupu ya sufuria ya siku hiyo, na supu hiyo iko chini ya sinki, na ufunguo wa kabati la sinki uko kwenye upindo wa kitenge cha Fatouma. Madame Amélie ndiye aliyeamua hivyo. Kwa hiyo Dokta Loïc huja jikoni. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, kikombe chake cha kahawa kimebaki ndani ya sinki tangu jana, kina utando mweusi chini.

"Fatouma, naomba ile chupa."

Maji yalikuwa yakimiminika. Hakusikia.

"Mama Aya," Dokta alisema. "Naomba ndoo tupu."

Fatouma aligeuka, akamtazama, kisha akakitazama kikombe. Akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja, akamwachia brashi.

"Anza na hicho," alisema. "Na uoshe vizuri. Nitakiangalia kwenye mwanga."